Fedha ya Mninga Hupotelea Kwenye Utepe

Mwizi wa usiku mwenye chensoo kila kijiji kinamjua, kinamwinda, na mara nyingine kinamkamata. Upungufu ambao tumeuzoea zaidi katika misitu ya vijiji vya Kilwa, Liwale na Nachingwea hutokea mchana kweupe, mbele ya kamati, kukiwa na kibali halali na risiti yenye muhuri. Hutokea pale utepe unapozungushwa kwenye gogo. Sentimita nne kwenye kipenyo, nusu mita kwenye kisiki, inchi chache kwenye urefu, na kijiji kimeuza mita za ujazo kumi kikalipwa saba. Aliyesimama pale hakuona mtu akiiba.

Kusini tuna historia na jambo hili. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, magogo ya Lindi na Mtwara yalipata njia nyepesi ya kwenda Dar es Salaam, na uvunaji ukapanda ghafla. Utafiti wa TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha ambao ungepaswa kukusanywa kwenye biashara ile haukukusanywa. Aliyewahi kusimama kwenye kituo cha kupakilia anazijua njia zake: ujazo unaopunguzwa kwenye karatasi, mti wa daraja la juu unaoandikwa jina la mti wa daraja la chini, na magogo yanayohesabiwa kwa idadi bila kupimwa.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ndiyo iliyokipa kijiji nafasi ya kuushika utepe chenyewe. Msitu ukishatengwa kuwa hifadhi ya ardhi ya kijiji, ukawa na mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa, muuzaji ni kijiji na mapato ni ya kijiji. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Ukiacha sifa, faida kubwa ya cheti kile ilikuwa adabu ya kumbukumbu: kila gogo lazima liweze kufuatwa nyuma mpaka kwenye kisiki chake.

Kuhesabu msitu

Kiwango cha kuvuna kwa mwaka hutoka kwenye tathmini, na tathmini nyingi huharibikia kwenye ukubwa wa eneo linalopimwa. Duara la nusu kipenyo cha mita 15, ambalo maofisa misitu wamelizoea, lina mita za mraba 707, yaani hekta 0.07. Kwa miyombo na mitondoro linafaa sana, kwa sababu miti hiyo imejaa. Kwa mpingo au mkongo halifai. Kama mpingo mkubwa uko mmoja kwenye hekta mbili, unaweza kupima maduara kumi usikutane nao hata mara moja. Na duara moja likinasa miwili, hesabu inapaa, kwa kuwa kila mti ulioangukia ndani ya duara moja unasimama badala ya miti 14 kwenye hekta.

Kwa miti adimu tumia mkuza. Piga mstari wa kilomita moja kwa dira, hesabu kila mti unaoutaka mita 20 kushoto na mita 20 kulia. Huo mkuza mmoja ni hekta 4. Kumi ni hekta 40. Watu wanne wanatosha: mwenye dira, wawili wa pembeni, na mwandishi. Wa pembeni wawe na kamba ya mita 20 iliyopimwa asubuhi hiyo, maana kamba ya katani ikilowa umande hubadilika urefu. Mti ulio mpakani unaingia kama katikati ya shina lake iko ndani ya mkuza. Kipenyo kipimwe mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu kama kuna mteremko. Miti midogo nayo iandikwe. Kamati nyingi huandika iliyofikia kuvunwa tu, halafu hukosa kitu cha kupigia hesabu ya kesho.

Chukua mpingo kwa mfano. Kipenyo cha chini kinachoruhusiwa kuvunwa ni sentimita 24, na mti hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kufika umri wa kuvunwa. Weka miaka 80 kwa sentimita 24: ni wastani wa milimita 3 kwa mwaka. Tuseme kwenye hekta 40 za mikuza umekuta mipingo 24 yenye kipenyo cha sentimita 24 na zaidi, na 16 yenye sentimita 18 hadi 24. Kwa msitu wa hekta 5,000 hiyo ni miti 3,000 mikubwa na 2,000 inayofuata. Hii inayofuata inahitaji sentimita 6, yaani miaka 20, ili yote ivuke. Kwa hiyo kila mwaka miti 100 hivi inapanda daraja. Toa itakayokufa na itakayotoboka, tuseme theluthi; inabaki kama 65.

Sasa tazama hesabu ya haraka ambayo hupendwa mikutanoni: miti 3,000 gawanya kwa miaka 20, ni 150 kwa mwaka. Inaonekana ya busara. Lakini kama nusu ya ile mikubwa ina tundu, inayouzika ni 1,500. Ukivuna 150 na ikaingia 65, unakula 85 kila mwaka kutoka kwenye akiba, na magogo mazima yanakwisha kabla ya mwaka wa ishirini kufika. Baada ya hapo kijiji kinabaki na msitu uliosimama, wa kijani, usio na cha kuuza.

Kisiki

Mti uliochaguliwa ugongwe nyundo ya alama sehemu mbili: kwenye shina, na chini kabisa karibu na mizizi ambako msumeno hautafika. Alama ya chini ndiyo itakayobaki na kisiki.

Mkato uwe sentimita 30 kutoka ardhini au chini ya hapo. Mkataji akikata mninga wa kipenyo cha sentimita 50 kwenye urefu wa sentimita 80, ameacha nusu mita ya sehemu nene kuliko zote. Hiyo ni karibu mita za ujazo 0.1. Miti kumi ya namna hiyo ni mita nzima ya ujazo ya mninga iliyoachwa porini ioze. Sababu inajulikana: kukata chini kunataka kufyeka na kufukua udongo kuzunguka shina, mchanga unatia butu mnyororo, na mkataji analipwa kwa gogo. Dawa ni kumlipa kwa ujazo uliopimwa, na kuandika kwenye mkataba wa mnunuzi kwamba kisiki kinachozidi sentimita 30 kinahesabiwa kuwa sehemu ya gogo. Tangu siku ya kwanza ya kulipia kisiki, mnunuzi mwenyewe ndiye anayeinama kusimamia mkato.

Namna ya kuangusha nayo ni fedha. Mdomo, yaani mkato wa kabari upande wa kuangukia, usizidi robo ya kipenyo, mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya mdomo, katikati ibaki bawaba isiyokatwa ya kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Mkataji asiyeacha mdomo hupasua shina kwa urefu mti unapoinama, na ufa wa mita mbili kwenye mkongo hakuna fundi wa kuuponya. Ufa huo pia huua watu, kwa kuwa nusu ya shina hurudi nyuma alikosimama mkataji.

Gogo chini ya utepe

Kanuni ni moja: eneo la duara la kipenyo cha katikati, chini ya gamba, mara urefu. Kama una mzingo badala ya kipenyo, zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, kisha kwa 0.0796, vyote vikiwa kwa mita. Mtu mwenye simu ya kitochi anaweza kuipiga.

Chukua gogo la mninga la mita 3, kipenyo cha katikati sentimita 40 baada ya kutoa gamba. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.377. Ukilipima juu ya gamba, ambalo kwenye mninga mkubwa ni nene na lenye magamba ya mraba, unapata sentimita 44 na ujazo 0.456. Ukilipima upande wa ncha nyembamba, tuseme sentimita 36, unapata 0.305. Gogo ni lilelile. Mnunuzi atapendekeza ncha nyembamba na atakuwa na sababu nzuri, kwamba mbao ndefu haiwezi kuzidi upana wa ncha. Ni kweli kwa mbao, lakini bei ya gogo haikupangwa kwa mbao. Tofauti ya 0.377 na 0.305 ni asilimia 19. Kijiji nacho kisijifanye mjanja kwa kupima juu ya gamba, kwa sababu mnunuzi anayejua kazi atakubali leo, kisha msimu ujao ataikata tofauti hiyo kwenye bei au ataenda kijiji cha jirani. Vueni gamba kwa panga, ukanda wa upana wa kiganja kuzunguka katikati ya gogo, na mpime hapo. Ni kazi ya dakika mbili.

Urefu una ujanja wake. Gogo la mita 3 hukatwa mita 3.05 au 3.10 ili ncha zilizochanika zipunguzwe kiwandani. Hiyo ni haki. Likikatwa 3.30 likaandikwa 3, asilimia 10 imetoka bure. Kuangusha desimali nako kunakula: sentimita 40.9 ikiandikwa 40, ujazo umeshuka kwa zaidi ya asilimia 4. Kwenye gogo moja ni kidogo, kwenye magogo mia mbili ni zaidi ya mita tatu za ujazo.

Tundu lipunguzwe, lakini kwa kupimwa. Tundu la sentimita 14 linalopita gogo zima la mita 3 ni mita za ujazo 0.046, kama asilimia 12 ya gogo letu. Mnunuzi husema, "Mwenyekiti, gogo hili bovu, nipe nusu bei." Chomeka fito ndani kutoka ncha zote mbili, uone tundu linaishia wapi. Mara nyingi linaanzia kwenye tako, upande wa kisiki, na kufa baada ya mita moja.

Kupasua

Vijiji vinavyoamua kuuza mbao badala ya magogo huingia kwenye hesabu nyingine kabisa. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ya mita 3 ina mita za ujazo 0.0232. Gogo letu la 0.377 likipasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, ambako kupata theluthi ya ujazo ni kawaida, linatoa mbao 4 au 5. Likipasuliwa kwa mashine nzuri ya msumeno wa mkanda inayohamishika, kwa asilimia 50, linatoa 8. Na hapo gogo ni nyoofu na ukanda wake mweupe wa chini ya gamba ni mwembamba. Fundi wa mninga analipa kiini tu.

Tofauti kubwa iko kwenye unene wa meno. Mnyororo hula milimita 8 hadi 10 kila unapopita. Mkanda hula 2 au 3. Gogo la sentimita 36 likipitishwa msumeno mara sita, mnyororo umegeuza kuwa unga unene wa kama sentimita 5, yaani safu nzima ya mbao za inchi 2. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya jukwaa na mmoja chini, hula kidogo kuliko mnyororo, ila unene wa mbao hucheza, na mbao iliyoanza inchi 2 ikaisha inchi moja na nusu hununuliwa kama ya inchi moja na nusu.

Je, kijiji kinunue mashine? Mara nyingi hapana. Mashine ya mkanda inataka mafuta, meno ya akiba, mtu wa kunoa kila siku, na magogo ya kutosha kuifanyia kazi msimu wote. Kijiji kinachouza mita za ujazo 60 kwa mwaka kitaitumia wiki chache kisha itakaa chini ya mwembe. Kukodi kwa pamoja, vijiji vitatu au vinne, kuna mantiki zaidi, ilimradi makubaliano ya zamu na ya nani analipia meno yaliyovunjika yaandikwe kabla mashine haijafika.

Mbao zikishatoka zipangwe kivulini, juu ya magogo yaliyozinyanyua angalau nusu mita, zikitenganishwa na vijiti vya inchi moja kila baada ya sentimita 50, vijiti vikiwa vimelingana wima kutoka safu ya chini hadi ya juu. Vijiti visipolingana, mbao hujikunja kati yake. Ncha zipakwe rangi nzito au nta siku hiyohiyo. Mninga husamehe makosa mengi, hausinyai sana. Mtondoro hausamehi.

Mpingo una hesabu zake

Mpingo ni mzito kuliko maji. Mita moja ya ujazo inaelekea tani 1.2 hadi 1.3, wakati mninga mkavu uko kwenye kilo 600 hadi 700. Lori la tani 10 linajaa uzito likiwa na mita za ujazo 8 tu za mpingo, na kwa macho linaonekana nusu tupu. Dereva mgeni ataongeza magogo, mizani itamkamata, na faini itaingia kwenye mazungumzo ya bei ya msimu ujao. Gharama ya kusafirisha ipangwe kwa tani, bei ya msituni kwa ujazo.

Viwanda vya zumari na klarineti vya Ulaya vinataka vipande vyeusi visivyo na fundo, ufa, wala ukanda mweupe, na vipande hivyo huwa chini ya sehemu moja ya kumi ya gogo. Ndiyo maana bei ya kipande kilichokamilika humshangaza mwanakijiji akiilinganisha na bei ya gogo lake. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo si faida ya mtu. Ni unga na mabaki yaliyotupwa. Mabaki hayo ndiyo ya kujadili. Tundu na mapindo ambayo mtengeneza klarineti anayakataa, mchongaji wa Kimakonde wa Mtwara au Masasi anayatafuta, maana umbo la kinyago hufuata umbo la mti. Mkataba uweke wazi kama matawi na vipande vilivyokataliwa msituni ni vya mnunuzi au vya kijiji. Usipoandikwa, vitachomwa mkaa.

Tangu Januari 2017 jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019, lakini mbao na vipande ghafi vinavyovuka mpaka bado vinahitaji kibali. Mnunuzi anayesema "hayo ni ya kwangu, nyie niuzieni tu" atarudi kuwalaumu karatasi za asili ya gogo zikikosekana bandarini. Nakala ibaki kijijini.

Moto nao ni sehemu ya uchumi wa mpingo. Miti mingi yenye tundu iliunguzwa gamba ikiwa michanga, kuvu likaingia jerahani. Kuchoma mapema, Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu na upepo umetulia jioni, huacha moto wa chini unaopita haraka. Moto wa Septemba ni mwingine. Unapanda, na unaua machipukizi ya mizizi ambayo ndiyo mipingo ya baadaye.

Nani ananunua nini

Kila mnunuzi anakuja akitaka mninga, mkongo na mpingo. Akiachiwa, atavichukua hivyo vitatu kwa misimu michache na kukiachia kijiji mitondoro na misekeseke. Vijiji vilivyofanikiwa huuza kwa fungu: mninga kadhaa pamoja na mtondoro, msekeseke au mpangapanga kadhaa, na asiyetaka fungu haingii kwenye kitalu cha uvunaji. Bei ya miti isiyojulikana iwe ya chini kiasi cha kumvutia mtu kujaribu. Mtondoro unachosha misumeno na unahitaji kukaushwa kwa subira, lakini kwa kenchi na fremu za milango unafanya kazi.

Malipo yawe kabla ya kupakia, benki, kwa jina la akaunti ya kijiji. Uvunaji ufanyike Juni hadi Novemba. Lori lililonasa kwenye udongo mweusi wa barabara ya Liwale mwezi wa Januari hufanya mnunuzi aache magogo yaliyokwisha kukatwa, na kamati isiyolipwa awali haina la kumfanya.

Baada ya lori la mwisho kuondoka na hati yake ya kusafirisha, TP, kamati irudi kitaluni na daftari. Kila namba ya mti iliyoandikwa wakati wa kugonga nyundo itafutiwe kisiki chake, kipimwe kimo na kipenyo, kilinganishwe na magogo yaliyolipiwa. Namba yenye kisiki lakini isiyo na gogo kwenye risiti idaiwe kabla amana ya mnunuzi haijarudishwa. Kisiki kisicho na alama ya nyundo kiandikwe siku hiyohiyo na sehemu kilipo kwa GPS, maana mvua za Desemba zikishaanza, nyasi zinakifunika na utomvu mwekundu wa mninga unaosaidia kutambua mkato mpya unakuwa umeoshwa.